Mbio Wapi, Mwalimu?

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani, ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Leo nina hasira, nawaambia mapema. Wazazi mlio huko nyuma, acheni soga, hii inawahusu.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule yao kwenye uwanja wa nyasi fupi, kando ya vichaka vya miiba. Mwalimu alikuwa mmoja, Pimbi, wa kule majabalini. Mfupi, mnene, miwani puani. Na somo kubwa lilikuwa moja: Tai. Maana Tai hakosi kupita, na akipita hapiti bure.

"Watoto," anasema Mwalimu Pimbi, "mkiona kivuli cha Tai kinapita nyasini, mbio!"

"Mbiooo!"

"Mbio wapi, Mwalimu?" akauliza Madoa, mtoto wa Mama Kanga.

Ngo! Ngo! Ngo! Kengele. "Muda umekwisha. Nendeni nyumbani."

Kesho yake hivyo hivyo. Kivuli, mbio, ngo ngo ngo. Keshokutwa hivyo hivyo.

Mama Kanga akaingiwa na hofu. Tai alikuwa ameshamchukulia watoto wawili, na Madoa ndiye pekee aliyebaki. "Huyu namtafutia mwalimu wa tuisheni," akasema. Akashika njia, tapu tapu tapu, mpaka kwa Kobe.

"Mzee Kobe, nifundishie mwanangu habari za Tai."

"Rahisi. Tai akija, anaingiza kichwa kwenye gamba."

"Gamba hana!"

"Basi atafute gamba kwanza, ndipo umlete."

Mama Kanga akafyonya. Tapu tapu tapu, mpaka kwa Kasuku.

"Mimi nitamfundisha kusema Tai kwa lafudhi safi," akasema Kasuku. "Tai! Tai! Tai!"

"Akishasema?"

"Anarudia."

Lo! Akamwacha hapo hapo. Njiani akakutana na Mama Digidigi.

"Shoga yangu, unahangaika nini? Mpeleke majabalini jioni. Kuna mwalimu hodari huko! Wangu sasa anajua kila kitu. Wewe beba tu kikapu cha makuyu."

Jioni Mama Kanga akafika na Madoa wake. Chini kabisa ya jabali, mbali na pango, kitoto cha pimbi kimekaa peke yake, kinachorachora mchangani. Ndani ya pango watoto wanaimba: "Kivuli! Miibani! Lala! Kimya!"

Mama Kanga akachungulia. Jamani! Mwalimu Pimbi! Yule yule, na miwani ile ile!

"Mwalimu! Mchana unaishia kwenye mbio, na jioni ndiyo unasema wapi?"

"Mama Madoa, mchana ni mchana. Kikapu kiko wapi?"

"Unajua mtoto akikimbilia uwanjani ataliwa, na unanyamaza?"

"Kama huna kikapu, njoo mwezi ujao."

Haki ya Mungu, mimi ningemparura. Mama Kanga akamvuta Madoa nyuma yake. "Kesho tutaonana shuleni, mbele ya wazazi wote." Njia nzima akamkaririsha Madoa yale maneno manne aliyoyasikia mlangoni, mpaka mtoto akayashika.

Kesho yake akasimama uwanjani, akasema yote bila kumeza neno. Wazazi wengine wakaguna. Wengine wakatazama chini, maana vikapu walikuwa wameshapeleka.

"Huyu mama ananionea tu," akasema Mwalimu Pimbi. "Mimi..."

Vuuuuu! Kivuli kikapita nyasini.

Watoto wa vikapu, chwi! miibani. Madoa, chwi! miibani. Waliobaki wakatimka uwanjani, mbio, kama walivyofundishwa. Na aliyetangulia wote alikuwa kile kitoto cha pimbi, Kipimbi, mtoto wa Mwalimu mwenyewe.

"Rudi! Miibani!" Mwalimu akapiga ukelele. Kipimbi wapi! Hilo neno darasani hajawahi kulisikia.

Madoa akatoka kichakani. "Nifuateni! Huku!" Wenzake wakageuka, wakamfuata. Akamkimbilia Kipimbi, akamgonga ubavuni, paa! Wakabiringika wote wawili hadi miibani. Ukucha wa Tai ukapasua sikio la Kipimbi. Sikio tu. Tai akaenda zake na njaa yake.

Mwalimu akaja mbio, miwani imeshaanguka. "Mwanangu! Kwa nini ulikimbilia uwanjani?"

Kipimbi, damu inamchuruzika, akamtazama. "Baba, ulisema mbio. Ya wapi ni ya tuisheni. Na tuisheni ikianza, mimi unaniambia nikae mbali niwapishe."

Pimbi akainama kumfuta damu.

Siku hiyo hiyo wazazi wakamnyang'anya kengele, wakampa Mama Kanga. Tangu hapo haigongwi mpaka kila mtoto aseme mbio wapi.

Nasema wazi, walimu mnisikie: kinachomwokoa mtoto kifundishwe chote, mchana, mbele ya watoto wote. Na nyinyi mliobeba vikapu kimya kimya, mlijua, mkanyamaza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Hasira yangu bado.