Mpangaji wa Liwali na Daftari Lake

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alikuwako Liwali aitwaye Nasibu, mwenye nyumba nyingi za udongo na imani ndogo kwa waliopanga ndani yake. Mpangaji akitaka kuhama, Liwali huikagua nyumba, na ukionekana ufa mmoja tu, mtu yule hulima shamba la Liwali mwaka mzima. Na ufa haukukosekana kamwe.

Ikawa Kombo, mshona makubazi asiye na kitu, akapanga mojawapo pamoja na mkewe Mize. Liwali akamwambia, "Nakukabidhi nyumba nzima. Kila litakaloipata, liandike. Usizidishe neno wala usipunguze."

"Nimesikia na nimetii, Bwana," akajibu Kombo, akatafuta daftari.

Mwaka ukapita, Mize akawa mjamzito, wakataka kuhamia kwa wazee wake. Basi Liwali akaja na Kadhi na askari wake, akaona ukuta umetoboka, mlango wa uani umekwama, na dirisha linaning'inia. Akafurahi sana, akasema, "Masikitiko gani haya!" Mize akaanza kulia.

"Aliyeiharibu nyumba hii," akanguruma Liwali, "ataikandika kwa mikono yake, kisha atalima shamba langu mwaka mzima!"

"Awaye yote?" akauliza Kadhi.

"Awaye yote! Haya, soma daftari!"

Kombo akasoma: "Mwezi wa Mfungo mosi. Bwana Liwali alikuja kukagua. Akauliza kama ukuta ni imara, akaupiga bakora. Ulikuwa imara mpaka hapo."

Askari mmoja akakohoa.

"Mfungo tano. Bwana Liwali alikuja kujua kama mlango wa uani hufungika. Akaubamiza. Ulifungika, na haujafunguka hata leo."

"Yatosha," akasema Liwali.

"Bado dirisha, Bwana, nami nimekatazwa kupunguza. Mfungo saba. Bwana Liwali alijining'iniza dirishani, apate kuona kama bawaba zaweza kumhimili mwizi."

Kadhi akauliza, "Daftari lasema uongo?"

Liwali akawageukia askari wake, waliokuwapo mara zote tatu. Wote walikuwa wakitazama dari.

"Lasema kweli," akajibu, akacheka kicheko cha mtu asiye na la kufanya, akavua joho.

Akakandika hadi alasiri, vibaya, mpaka Mize akamwonea huruma, akamwonyesha namna ya kushika udongo. Na mwaka ule shamba la Liwali likalimwa na Liwali.

Tangu hapo, akienda kukagua nyumba zake, husimama barabarani, mikono nyuma, akauliza kwa sauti, "Nyumba haijambo?"

Nao wapangaji humjibu kutoka ndani, "Haijambo, Bwana. Usisumbuke kuingia."