Sultani na Mtihani wa Ngamia

Palikuwa na Sultani aliyechoka kusikia shida za watu mlangoni kwake, akauhamishia mlango kwenye simu. Mwenye shida aandike humo. Ila kwanza athibitishe kuwa yeye ni mtu, si roboti: aonyeshwe picha tisa, abonyeze zenye ngamia. Akishindwa mara tatu, arudi kesho.

Basi, mjini humo alikuwepo Bi Kidawa, msokota kamba, haoni tangu utotoni. Nyumba yake ilikuwa ibomolewe Ijumaa, Sultani apate pa kuweka farasi. Simu yake ilimsomea kila neno, lakini ikifika kwa ngamia husema tu "picha, picha, picha." Akabahatisha kila siku tangu Jumamosi. Alhamisi akaichoka bahati, akaenda barazani kwa miguu, akaeleza kuwa mtihani umemkataa na nyumba yake inabomolewa kesho.

"Wewe ndiye roboti?" Sultani akauliza, na wapambe wakacheka kama walivyolipwa.

"Ndimi, Maulana. Roboti mwenye magoti mabovu."

"Mtu hushindwaje kumjua ngamia?"

"Ngamia namjua kwa harufu kabla hajakata kona. Wako hawanuki, hawalii, hawatemi mate. Ungeniuliza kwa sauti ningekujibu."

"Mtihani ni mmoja kwa wote." Sultani akampa waziri karatasi ya kesi. "Nisomee."

Bi Kidawa akalisikia hilo, akatabasamu. Akafungua mtihani, akamnyooshea simu. "Kwa wote, Maulana? Basi fanya wewe, tujifunze. Bila waziri."

Angekataaje, baraza zima likimtazama? Miwani alikuwa nayo, kabatini, maana alikuwa ameoa juzi na miwani humzeesha mtu. Akaishika simu mbali, akaivuta karibu, akakunja uso. Akabonyeza. Mara ya kwanza mbuzi. Ya pili mnazi. Ya tatu sijui alibonyeza nini, ila ile simu, kwa mazoea yake ya kusoma kwa sauti, ikatangaza: "Umeshindwa. Wewe si binadamu."

Hakuna aliyecheka. Waziri akaangalia dari.

"Mtihani huu ni mwongo," Sultani akanguruma.

"Basi mimi ni mtu. Pokea ombi langu, nyumba ibaki."

"Na nikisema ni wa kweli?"

"Basi shuka hapo kitini, Maulana, akae mtu."