Ushuru wa Bi Nakundwa

Paukwa!

— Pakawa!

Niazimeni masikio!

— Ya kurudisha?

Ya kurudisha, tena yakiwa yamejaa!

— Chukua, simulia!

Basi zamani, bibi yangu hajaota jino, palikuwa na mji uitwao Kitopeni. Mji una soko, una mto, una baraza la madiwani. Baraza lilikaa kila Alhamisi. Linakaa, linakunywa chai, linaondoka. Linakaa, linakunywa chai, linaondoka. Msicheke. Hata kamati yetu ya kanisa, nami nimo, hukaa vivyo hivyo. Mungu atusamehe.

Daraja la mto lilibaki magogo mawili, nayo yameoza. Ng'ambo aliishi Nanzia, mimba yake miezi minane. Zahanati iko upande huu. Na masika yananukia.

Mama yake Nanzia ndiye Bi Nakundwa, mwuza vitunguu, diwani mwanamke peke yake katika baraza lile. Aliapa: "Mungu akinijalia uhai, mvua haitanikuta bila daraja."

Alhamisi ikafika. Bi Nakundwa akasimama. "Waheshimiwa, fundi anataka mbao na misumari. Kasha la mji ni tupu. Tutatoza nini?"

Sasa sikilizeni. Kitopeni walikuwa na sheria moja ya tangu mababu: ushuru wowote mpya huanzia kwa aliyeutaja. Yeye hulipa kwanza, mji ukafuata.

Mheshimiwa Mntambo akainuka, tumbo likitangulia. "Tutoze kivuli! Anayekaa kivulini alipe."

"Vizuri, baba. Kwako kuna michungwa kumi na miwili. Tuanzie huko?"

"Nimeufuta!" Akaketi.

Akainuka Mheshimiwa Kilua. "Tutoze majogoo! Anayewika alfajiri, mwenyewe alipe."

"Vizuri, baba. Wa kwako thelathini na moja, nawasikia mpaka sokoni. Tuanzie huko?"

"Nimeufuta!" Akaketi.

Mwenyekiti Sekidio akakohoa, akavuta koti. "Tutoze harusi."

"Vizuri, Mwenyekiti. Mwezi ujao si unaoza mabinti wawili?"

"Nimeufuta, nimeufuta! Suala hili... tutaangalia."

"Tutaangalia," akasema Mntambo.

"Tutaangalia," akasema Kilua. Chai ikaletwa.

Jamani, neno hilo mnalijua?

— Twalijua!

Mnalitumia?

Aa, mmenyamaza. Tuendelee.

Bi Nakundwa hakugusa chai. Alitoa sufuria kwenye kikapu chake cha vitunguu, akaibwaga mezani. "Na mimi nina ushuru wangu. Diwani atakayesema 'tutaangalia' humu ndani, shilingi tano sufuriani. Naanza mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Tutaangalia!" Akatumbukiza. Keng'!

Walicheka mpaka chai ikawapalia. "Mama vitunguu una vituko! Kutoza neno? Hakuna kuku wa mtu hapo, hakuna harusi ya mtu. Pitisha!" Mikono ikapanda, muhuri ukagongwa.

"Ahsanteni. Mheshimiwa Mntambo, choo cha soko kitazibuliwa lini?"

"Hilo tutaangalia."

Keng'!

"Mheshimiwa Kilua, na taa ya zahanati?"

"Nayo tutaangalia."

Keng'!

"Ah, mama, umetutega!" akafoka Mwenyekiti. "Ushuru huu wenyewe tutaangalia upya!"

Keng'!

Alhamisi ya kwanza, sarafu zikafunika kitako cha sufuria. Alhamisi ya pili, ikafika nusu, misumari ikanunuliwa. Alhamisi ya tatu, zikanunuliwa mbao. Zikabaki nguzo mbili tu, nene, za kusimama majini. Na wingu lilikuwa limeshatanda, jeusi tii.

Bi Nakundwa akasimama. "Mwenyekiti, uani kwako zimelala nguzo mbili za mvule, mwaka wa tatu huu. Mwanangu ana siku zake za kuhesabu. Utatupatia lini?"

Mwenyekiti akafungua kinywa. "Tu..." Akakumbuka. Akapapasa mfuko wa kushoto, mtupu. Wa kulia, mtupu.

"Tu..." Jasho likamtoka. Madiwani wakainama mbele, wote wanaitazama sufuria.

"Tu... tukazibebe sasa hivi!"

Baraza likalipuka! Wakatoka mbio, Mwenyekiti na koti lake mbele, Mntambo na tumbo lake nyuma, Kilua katikati anapiga kelele, "Taratibu, bega langu!" Chai siku ile ilipoa vikombeni.

Ijumaa daraja likasimama. Jumamosi mvua ikashuka, mto ukanguruma. Jumapili Nanzia akavuka, ameshikwa mkono na mama yake, maji yakipita chini kwa hasira. Jioni akajifungua mtoto wa kike.

Madiwani wakaja kupongeza, Kilua na jogoo kwapani. "Bibi mtu, mjukuu ataitwa nani?"

Bi Nakundwa, kwa furaha, akajisahau. "Ah, tutaangalia!"

"Mama, sufuria!" wakapiga kelele wote watatu. Akacheka, akalipa. Keng'!

Ndugu zangu, nami niungame. Mama Elinami, yule mjane jirani yangu, aliniomba nimpigilie mlango wake. Tangu Pasaka namwambia neno lile lile, na kila Jumapili nampa mkono wa amani bila haya.

Haya, masikio yenu hayo, nayarudisha. Kila mtu achukue lake, atazame yasibadilishane.

— Tumepokea!

Sasa niazimeni nyundo.