Kiti cha Mdogo Wake Silikoni

Paukwa?
Pakawa!
Kiti cha mwenzio?
Hakikaliwi!
Haya. Nyie mnaocheka huko nyuma nyamazeni, leo nina hasira.

Hapo kale elementi walikuwa watu, wakaalikana karamu. Mzee Haidrojeni, mwepesi kuliko wote, akawaketisha kwa mizani: mwepesi kwanza, mzito baadaye, mstari ukijaa wakaanza mwingine. Ajabu yake, waliopangana mbele na nyuma wakawa ukoo mmoja, wenye mikono sawa. Silikoni alikuwa na mikono minne. Mbele yake kaka yake Kaboni, mikono minne. Nyuma yake kiti kitupu, kisha mdogo wao Bati, mikono minne.

Akaja Aseniki, aliyeketi kando ya kiti hicho. "Kiti hiki hakina mtu. Nikae."

"Kina mwenyewe. Ni cha mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Aseniki akaenda, akarudi. "Mdogo wako mwenyewe hujapata kumwona!" Watu wakaangua kicheko.

Silikoni damu ikamchemka. "Sijamwona, lakini namjua! Ana mikono minne. Ni wa kijivu, anang'aa. Uzito wake uko katikati yangu na Bati. Wewe mwenye mikono mitano unatafuta nini kwetu?"

Mara ya tatu Aseniki hakuuliza. Akamsukuma Silikoni, akaketi.

Lo! Waliomfuata mstarini wote wakasogea kiti kimoja kuziba pengo lake. Seleniamu akaangukia kwa wenye mikono mitano. Bromini na harufu yake akaangukia kwa akina Oksijeni. Kriptoni, asiyeshikana mkono na mtu, akajikuta kwa akina Klorini, wanyakuzi wakubwa. Wakavutana, wakatukanana, sahani zikavunjika.

"Silikoni, mwachie kiti tule," akasema Mzee Haidrojeni.

"Tule nini? Ndugu yangu kachelewa tu, mshamgawia mtu kiti chake! Mzee mzima, huoni haya?" Akamkamata Aseniki kwa mikono yote minne, akamtupa chini.

"Hodi!"

Mgeni alisimama langoni, mwili mzima vumbi la jiwe la fedha. Humo ndimo alimofungiwa tangu dunia iumbwe. Wakampima: katikati ya Silikoni na Bati. Wakamfuta vumbi: kijivu, anang'aa. Wakahesabu mikono: minne.

"Naitwa Gerimani," akasema, akitazama chini. "Nimechelewa. Najua hakuna tena nafasi."

Silikoni akapangusa kiti kwa upindo wa kanga yake. "Keti, mdogo wangu." Kisha akawageukia wengine. "Na nyie, rudini mlikotoka!"

Wakarudi mmoja mmoja, Aseniki wa kwanza.

Basi, ngano yangu nimeitua hapo, anayeitaka aibebe. Usiseme hayupo kwa kuwa hujamwona. Watazame ndugu zake, utamjua. Mimi siku ile niliketishwa jirani na Bromini. Pua yangu mpaka leo haijapona.