Santuri Iliyofunika Mtungi

Sogeeni. Mwenye njugu azimalize kabisa, maana mwisho wa hadithi hii nina swali, na jibu la mtu mwenye mdomo uliojaa silipokei.

Palikuwa na mjane huko Korogwe, jina lake Bi Tatu, mwenye watoto watatu wakubwa na kinyongo kimoja. Nianze na watoto.

Hoza, kifungua mimba, alikuwa na kipaji cha kuchunguza. Hakununua muziki kama wanavyonunua wenzake. Kwanza aulize nani kapiga gitaa, nani kaitikia, umerekodiwa mwaka gani. Aandike kwenye daftari, arudi nyumbani, alale. Wiki ya tatu, kama muuzaji hajahama, ndipo anunue. Alikuwa na santuri tisa tu, na hakuna hata moja aliyoijutia.

Mishi, wa pili, alikuwa na kipaji cha kupenda. Moyo ukishtuka tu, mkono umeshaingia kwenye pochi. Aliwahi kununua santuri kwa sababu mwimbaji pichani alikuwa na meno mazuri. Alikuwa na sanduku zima, na nusu yake hajawahi kuisikiliza. Hoza akimwambia, "Haraka haraka haina baraka," yeye humjibu, "Na chelewa chelewa, kaka, utakuta mwana si wako."

Sudi, kitinda mimba, hakununua muziki kabisa. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Gramafoni iliyokufa, redio iliyopoteza sauti, aliletewa yeye, akazirudisha zikiwa zinaimba. Maneno alikuwa nayo machache, na hayo machache ilibidi umwombe.

Sasa kinyongo. Marehemu mume wa Bi Tatu, Singano, alikuwa mpiga gitaa katika bendi ya Bwana Makata. Kabla hawajaoana, mvua iliwanasa wawili hao kwenye stesheni ya Mnyuzi, wakakaa kutwa wakitazama reli inavyolowa. Singano akatunga wimbo, "Mvua ya Mnyuzi". Makata akauimba, ukapendwa na wakubwa kwa wadogo. Kisha Singano akafariki. Arobaini haijafika, Makata akaurekodi upya na kutangaza redioni kwamba aliutunga yeye.

Bi Tatu alipotoka eda alimfuata kwenye dansi, akasimama mbele ya jukwaa. "Makata, mimi nilikuwepo Mnyuzi. Wimbo ule ni wa Singano."

Makata akashika kipaza sauti. "Shemeji, mumeo alikuwa mbeba ngoma. Gitaa tulimpa tu asijisikie vibaya."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Tatu alilala na kuamka na kicheko hicho miaka ishirini na mitatu. Alimchukia Makata kwa bidii, kama mtu anayepalilia shamba lake. Akisikia Makata kashikwa na mafua, alipika pilau. Akisikia amepona, siku hiyo hakuna aliyesalimika nyumbani.

Siku moja aliwaita wanawe, akaweka mkono juu ya gitaa la marehemu, akaapa. "Atakayeniletea kitu cha kumziba mdomo Makata, gitaa hili ni lake, na hukumu ya Makata ni yake pia. Atakalolisema, hata mimi sitalipinga."

Mmesikia alivyosema? Atakayeniletea. Mmoja. Hasira haikumpa nafasi ya kukumbuka kwamba amezaa watatu.

Basi siku ya gulio alikuja muuzaji mgeni, anamaliza vitu vyake arudi kwao moja kwa moja. Hoza akaokota santuri moja, akasoma lebo, akakuta kwaya asiyoijua. "Ngoja nikaulizie kwanza," akasema, akairudisha chini. Mishi alikuwa nyuma yake. Akaona jalada la santuri ile ile lina jogoo mwekundu, akampenda jogoo, akanunua. Muuzaji akafunga virago, hakuonekana tena Korogwe.

Jogoo alibandikwa ukutani. Santuri yenyewe Mishi hakuicheza hata mara moja. Kifuniko cha mtungi uani kilipovunjika, aliichukua akafunikia mtungi, na jua likaipinda.

Hoza naye hakukaa bure. Bendi za zamani zilikuwa na desturi: gitaa likiingia, mwimbaji humwita mpigaji kwa jina na kumsifu. Katika santuri ya Makata, jina lililoitwa ni la Makata mwenyewe. Lakini ile ya kwanza, iliyorekodiwa Singano akiwa hai, ilimwita nani? Kila mtu alisema ya kwanza haikutoka kamwe. Hoza akauliza miaka sita, akaandika barua, akasafiri, mpaka akamkuta Tanga mzee aliyekuwa fundi wa kurekodi.

"Zilitoka chache," mzee akasema. "Lebo zetu zilikuwa zimekwisha, tukabandika za kwaya. Wewe usisome lebo. Tafuta namba niliyoichora kwa msumari, pembeni ya lebo." Akamtajia namba.

Hoza akarudi nyumbani na kiu ya safari. Akafunua mtungi achote maji, na kile kifuniko kikabaki mkononi mwake: pembeni ya lebo ya kwaya, namba ya mzee imechorwa kwa msumari. Maji hayakunyweka siku hiyo.

Lakini santuri iliyopinda vile haiimbi. Walipoiweka kwenye gramafoni, sindano iliruka na kuanguka pembeni. Mishi akataka kuikandamiza kwa kiganja. Hoza akataka wajaribu tena polepole.

"Mkiigusa tena mtaiua," Sudi akasema.

Akaibana katikati ya vioo viwili vya dirisha. Akawa anaianika kwenye jua la asubuhi na kuiondoa kabla halijawa kali, siku kumi na moja, bila kwenda kazini. Ufa uliokuwa umeanza ukingoni akaukamata na gundi. Akatengeneza sindano nyepesi isiyochimba. Siku ya kumi na mbili ikaimba, na gitaa lilipoingia, sauti ya Makata, bado kijana, ikapaza: "Haya Singano! Wimbo wako huu, walize mwenyewe!"

Bi Tatu hakulia. "Rudisha," akasema. Sudi akarudisha. "Rudisha tena."

Jumamosi iliyofuata mji ulikuwa umemwandalia Makata sherehe uwanjani, avishwe joho la mtunzi. Sudi aliunganisha gramafoni kwenye spika. Bi Tatu akapanda jukwaani na kusema, "Nimekuja kumpongeza mtunzi." Makata akatabasamu, akidhani uzee umemlainisha mjane. Kisha sauti yake mwenyewe ikamwita Singano mbele ya uwanja mzima. Hakuna aliyecheka. Bi Tatu alikuwa ametamani sana wacheke.

Asubuhi yake Makata alikuja, kofia mkononi, akakaa chini kizingitini. "Shemeji, nimekosa. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Ndipo ugomvi ulipoanza ndani.

"Gitaa ni langu," Hoza akasema. "Bila namba, ile ingebaki kifuniko cha mtungi. Na hukumu yangu ni hii: niandike kila redio, kila ukumbi, jina lake lifutwe katika nyimbo zote nitakazozichunguza. Afe hajulikani."

"Wewe uliishika ukairudisha chini!" Mishi akamjibu. "Bila mimi ungekuwa na namba ya santuri iliyokwenda na mgeni. Mimi nataka abebe ngoma. Bendi ya vijana ikienda kupiga popote, yeye nyuma na ngoma kichwani, mpaka shingo imwambie Singano alikuwa nani."

Wakamgeukia Sudi. "Mlikuwa na bamba lililopinda na namba kwenye karatasi. Sauti nimeitoa mimi. Mimi naona aende nyumbani. Ameshajisikia."

Bi Tatu alikaa na gitaa mapajani, na kusema kweli hukumu ya Mishi ilimjaza mate mdomoni. Alishamwona Makata na ngoma kichwani, jasho linamtiririka, watoto wanamfuata. Ile ya Hoza aliipenda pia. Ya Sudi ilimchoma, akatamani asingemzaa. Lakini kiapo hakikusema atakayehukumu vizuri. Kilisema atakayeleta.

Kwa hiyo nawaonya. Msichague hukumu inayowapendeza, halafu mkaniambia mmechagua mtoto. Mmoja alinunua bila kujua, mmoja alijua bila kununua, mmoja hakujua wala hakununua, lakini mkono wake ndio uliofanya isikike. Kiapo ni cha mtu mmoja, hakigawanyiki, na mzee yuko kizingitini, magoti yanamuuma, anasubiri.

Haya, ungekuwa Bi Tatu, gitaa ungemkabidhi nani? Na ukishalikabidhi, ungeweza kutoka mlangoni ukamwambie Makata hukumu ya mtoto huyo wewe mwenyewe?