Zimwi na Mtoto wa Gunzi

Sogeeni, jamani, na wenye watoto wasogee zaidi. Hapo kale palikuwa na mama, Mashavu, na bintiye mdogo, Somoe. Somoe akilia, mama huita mlangoni: "Zimwi ee, njoo umchukue huyu!" Zimwi halikuja hata siku moja.

Somoe naye alikuwa na mtoto wake, gunzi la mahindi alilolivisha kitambaa. Siku moja akamlisha uji wa mchanga, mtoto akakataa. Somoe akaita: "Zimwi ee, njoo umchukue huyu!" Akaita tena. Alipoita mara ya tatu, zimwi likajaa mlangoni.

"Leteni mtoto!"

"Simtoi! Ni mwanangu!" Somoe akalia, amelikumbatia gunzi.

"Mbona mimi nikiita huji?" mama akauliza.

"Wewe hutania. Mtoto akicheza hatanii. Nani kamfundisha kuniita?"

Haya, semeni nyinyi, nani? Mashavu akainamisha kichwa. "Ni mimi. Mwache mtoto, chukua maneno yangu."

Zimwi likayameza, likaenda zake.

Kesho yake Mashavu, akiwa mlangoni, akamsikia Somoe akilibembeleza gunzi: "Nyamaza, mwanangu. Bibi hakukusudia."

Mpaka leo Mashavu amesimama pale mlangoni, anaona haya kuingia. Nami namwacha hapo hapo.