Shingo ya Gitaa la Bizumuremyi

Watu wengi huucheka woga. Humwona mwoga kuwa mtu asiye na faida, wa kusogea pembeni wanaume wanapopita. Lakini wahenga waliona mbali zaidi yetu, ndipo wakatuachia methali isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Maana yake ni kwamba anayeiogopa hatari hujihadhari nayo, na watu wake hubaki salama wakicheka. Bali anayeivamia kifua wazi mara nyingi huwaachia watu wake machozi. Ukweli wa maneno haya ulionekana mjini Gisenyi, katika kibanda cha fundi wa magitaa aliyeitwa Niyonzima.

Niyonzima alizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wake walikokimbilia, akarudi Rwanda akiwa kijana mwenye ufundi wa mbao mikononi. Alikuwa mrefu, mkimya, na mwoga kupita kiasi. Mwaka ule mlima wa Nyiragongo ulipotapika moto na ardhi ikatetemeka mfululizo, majirani wote walirudi kulala ndani, yeye akabaki uani chini ya turubai mpaka wakachoka kumcheka. Tangu hapo walimwita Bwoba, neno la Kinyarwanda lenye maana ya woga, na jina hilo likamganda kama kupe.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Mbugangari. Ukuta wa mbao tu ndio uliokitenga na kibanda cha fundi mwenzake, Cedric, mzaliwa wa Goma. Cedric alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Gitaa likiingia kwake asubuhi lilitoka mchana, na alijisifu kwamba hajawahi kuona mbao ya kumtisha.

Asubuhi moja ya mvua aliingia kwa Niyonzima mama mmoja mjane, jina lake Vénantie. Alikuwa amebeba mgongoni kitu kilichofungwa kwa kitenge, kama mtoto.

"Pole kwa msiba, mama," alisema Niyonzima, kwa kuwa habari za kifo cha mumewe, mzee Bizumuremyi, zilikuwa zimeenea mtaani.

"Asante, mutoto wangu. Hii gita ni ya marehemu. Jumamosi tunaondoa matanga, na Sano wangu atapiga wimbo ya baba yake. Lakini angalia, kamba ziko juu sana. Anafinya mupaka kidole inatoka damu, na sauti haiko."

Kwa watu wa huko, siku ya kuondoa matanga ndiyo siku ambayo familia na majirani hukusanyika, wakamkumbuka marehemu, kisha kilio kikafungwa na maisha yakaruhusiwa kuendelea. Bizumuremyi, kabla ya kukata roho, alikuwa ameacha neno moja tu juu ya siku hiyo.

"Alituambia, siku ile musilie, mupige gita yangu," alisema mama Vénantie. Macho yake yalilengwa na machozi. "Ikivunjika, nitakuwa nimemuzika mara mbili."

Maneno hayo yalimwingia Niyonzima kama maji baridi. Aliinua gitaa hadi usawa wa jicho, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake. Shingo ilikuwa imejikunja mbele kama upinde. Akaubana uzi mmoja mwanzoni mwa shingo na mwishoni, akachungulia katikati. Njiti ya kiberiti ilipita chini ya uzi bila kugusa.

"Lilikuwa linakaa wapi, mama?"

"Kwa ukuta ya jikoni, juu ya imbabura. Marehemu alikuwa anasema baridi ya ziwa itaiozesha."

Niyonzima akatikisa kichwa. Kumbe gitaa lilikuwa limening'inia juu ya jiko la makaa miezi yote ya ugonjwa wa marehemu! Kisha kidole chake kikagusa uzi ule mnene kuliko wote, kikasita.

"Na huu? Huu si uzi wa gitaa."

"Ni kamba ya frein ya velo. Kule Masisi tulikuwa tunafanya vile. Haikatikake."

"Hilo ndilo tatizo, mama. Waya wa breki ya baiskeli haukatiki, kwa hiyo kinachokubali ni shingo. Joto limeilegeza, waya umeivuta."

Ndani ya shingo ya gitaa kama lile umelazwa ufito wa chuma, na kazi yake ni kushindana na nguvu za nyuzi. Mwisho wa ufito kuna nati. Ukiikaza, shingo hurudi nyuma na kunyooka. Niyonzima alifungua kifuniko kidogo kichwani mwa gitaa, akamulika. Nati ilikuwa nyekundu kwa kutu. Nati yenye kutu ikilazimishwa, ufito hukatika, na ufito ukikatikia ndani, shingo haina mponyaji wa karibu.

Mara kichwa cha Cedric kikachomoza mlangoni. Alikuwa amesikia yote kupitia ukutani.

"We Bwoba! Sasa unaogopa mupaka mbao?" alisema akicheka, akichezesha koleo mkononi. "Mama, leta kwangu. Nakamata pince, nazungusha mara moja, unarudi nyumbani na gita yako mbele mvua haijaisha."

"Iko na kutu," alisema Niyonzima.

"Bon, hata mi niko na kutu, lakini naamuka kila siku! Kenny, mupiga gita wa kule hoteli, ananiletea yake, shingo imepinda vile vile. Tutaona nani fundi, nani mwanamuke."

"Wanawake tuko hapa tunakusikia," alisema mama Vénantie, na Cedric akainamisha kichwa kidogo.

Hata hivyo neno la "mara moja" lilikuwa limemgusa mama huyo. Alimtazama Cedric, akamtazama Niyonzima. Niyonzima naye aliona aibu ikimpanda. Angeweza kupiga moyo konde na kusema, "Hata mimi nitaweza leo." Badala yake alisema kweli.

"Mama, ukitaka likazwe leo, mpe Cedric. Mimi mkono wangu hauwezi. Naogopa."

Mama Vénantie akafunga kitenge chake vizuri.

"Marehemu naye alikuwa mutu ya kuogopa," alisema. "Siku tulikimbia Masisi, njia yote alikuwa anasema tungoje, tungoje. Wenzetu walimucheka sana. Lakini watoto wangu wote walifika. Baki nayo, mutoto wangu."

Alipoondoka, Niyonzima hakujisikia ameshinda. Alijisikia ametwishwa mlima. Alizilegeza nyuzi zote, akautoa ule waya wa breki na kuutupa mbali kama nyoka. Akadondoshea nati mafuta ya cherehani, tone kwa tone, akaacha yanywee. Akailaza shingo juu ya ubao ulionyooka, akaweka sponji ili isiumie, akaibana kwa vibanio polepole ili mbao yenyewe ianze kurudi kabla chuma hakijaombwa kazi. Kila alipokaza kibanio alisimama na kutega sikio. Nyumbani aliisukuma sahani kando. Mkewe, Cansilde, alimwuliza kama ni mgonjwa, naye akajibu kwamba mgonjwa yuko kibandani.

Mafuta yalipokwisha kunywea, alirudi kushika ufunguo wa kukazia nati. Akauingiza kwenye nati. Akavuta kidogo sana, nati ikakataa. Akavuta tena, kidogo vilevile.

Tak!

Niyonzima alikufa ganzi. Sauti ile aliijua. Ilikuwa sauti ya chuma kinachokatika ndani ya mbao. Hakuthubutu kuinua mkono wala kutazama. Alimwona mama Vénantie akirudi na kitenge kitupu, akamwona Sano amekaa mbele za watu bila kitu mikononi.

Ndipo kilio kikapasuka upande wa pili wa ukuta.

"Cedric! Umefanya nini? Umeiua gitaa yangu!"

Ilikuwa sauti ya Kenny. Niyonzima alitazama chini. Ufunguo ulikuwa pale pale, nati nzima, shingo nzima. Aliuweka ufunguo mezani kwa mikono miwili, akatoka nje. Cedric alikuwa amesimama mlangoni pake ameshika koleo, na ndani ya meno ya koleo kilikuwamo kipande cha chuma chenye nati. Damu ilimtiririka kidoleni. Kenny alikuwa amekaa chini matopeni, gitaa mapajani, akilia kama mtoto. Gitaa hilo ndilo lililomlisha kule hotelini kando ya ziwa.

"Ilikuwa inazunguka vizuri," alisema Cedric kwa sauti ndogo. "Nikaongeza."

Hakutaja jina la Bwoba. Niyonzima hakumcheka. Alimfunga kidole kwa kitambaa, akakaa naye juu ya jiwe mpaka damu ilipokata.

Aliporudi kazini hakujaribu tena kukaza. Aliongeza mafuta, akasubiri, kisha akaizungusha nati kinyume, kuilegeza kwanza. Ikatoa mlio mwembamba, ikakubali. Aliisafisha kutu, akairudisha mahali pake, akaanza kukaza kiasi cha unywele, akiiacha shingo ipumzike kila baada ya mkazo. Upinde ukapungua, ukapungua tena. Akafunga nyuzi mpya, nyembamba.

Mkesha wa matanga Sano alikuja kulijaribu.

"Iko sawa, fundi, lakini kamba ziko juu kidogo bado. Ongeza mara moja tu."

"Siongezi."

"Juu ya nini?"

"Naogopa," alisema Niyonzima. "Na shingo haitakiwi kunyooka kama rula. Uzi ukipigwa hucheza. Lazima upate nafasi ya kuchezea."

Jumamosi alikwenda matangani, lakini alikaa nyuma kabisa, karibu na lango. Watu walisema habari za marehemu, wakainamisha vichwa. Kisha Sano akaketi katikati. Alipoanza kukaza nyuzi, Niyonzima alifumba macho, akisubiri ule mlio. Uzi wa kwanza ukashika sauti. Wa pili ukashika. Wa mwisho, ule mnene, ulinguruma taratibu kama mzee anayesafisha koo.

Sano akapiga wimbo wa baba yake, wimbo wa mbuzi aliyekataa kuvuka mpaka hadi alipoonyeshwa majani ya upande wa pili. Alipofika pale mbuzi anapomwuliza askari wa forodha kama majani yana ushuru, bibi mmoja aliguna, mwingine akajifunika mdomo kwa kitenge. Mama Vénantie akawa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na uwanja mzima ukamfuata.

Niyonzima alifumbua macho. Upande wa pili wa uwanja alimwona Cedric, kidole kimefungwa kitambaa, na kando yake Kenny, ambaye peke yake hakucheka. Alikuwa ameitazama mikono yake mitupu, machozi yakimdondoka. Hakika, kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio.